Ufipa, Nchi ya Miti Mifupi

Ndugu msomaji, ukipanda basi Tunduma kuja Sumbawanga, kaa karibu na dirisha. Utapita Laela. Utapita Mpui. Utaona mashamba ya mahindi, maharage, alizeti na ulezi. Baada ya mashamba utaona nyasi, na baada ya nyasi utaona nyasi nyingine. Upepo ukivuma, nyasi hizo hulala na kuinuka kama maji ya ziwa. Wageni wengi hutazama, kisha husema, "Nchi hii haina miti."

Mgeni akikuambia hivyo, mwambie ashuke atembee kwa miguu. Miti ipo. Lakini mingi ni mifupi kuliko mtoto wa darasa la kwanza, na mingine imejificha chini ya ardhi. Leo tutaitazama miti hiyo. Tutauliza kwa nini ni mifupi. Tutafika hata Japani, ambako kuna watu wanaofupisha miti kwa kusudi. Kisha tutaona jinsi ya kuiachia miti yetu irefuke.

Nchi iliyo juu

Uwanda wa Ufipa uko katikati ya maziwa mawili. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki liko Ziwa Rukwa. Maziwa yote mawili yako bondeni, na Ufipa iko juu kama meza. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka mjini ukapita Matai mpaka Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, unashuka kiasi cha mita 1,000. Ndiyo maana Kasanga unatoka jasho, na jioni ile ile Sumbawanga unatafuta koti.

Wenyeji wanasema kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Yaani, wewe unayeingia katika mji huu, kama una uchawi wako, utupe kwanza. Mimi hupenda jina hilo, kwa sababu habari za miti nazo zimejaa imani zisizo na msingi. Utasikia watu wakisema, "Ardhi hii inakataa miti." Ardhi haikatai kitu. Tutaona punde.

Mvua hapa huanza Novemba na kuisha Aprili. Mwezi wa Juni na Julai ni baridi kali na upepo. Septemba na Oktoba ni joto na ukavu, na hapo ndipo moshi hutanda kila upande.

Inua macho utazame milima ya Mbizi, karibu na mji. Huko juu, zaidi ya mita 2,000, upo msitu mnene wa hifadhi. Miti yake ni mirefu, ina kuvu na nyuzi za kijani kwenye matawi. Ndani yake wanaishi mbega wekundu, na vijito vinateremka kutoka humo. Basi jiulize: kama ardhi na baridi ya Ufipa vinakataa miti, mbona Mbizi ina msitu?

Chimba uone

Sasa twende pembeni ya barabara. Chagua kichaka kimoja kidogo kilicho kati ya nyasi, kimo cha goti. Kina majani machache na vijiti vyembamba kama kalamu. Ukikitazama utasema ni mche wa mwaka huu.

Chukua jembe uchimbe taratibu pembeni yake. Chini kidogo tu utakuta mzizi mnene. Wakati mwingine una unene wa mkono, wakati mwingine unene wa paja. Una makovu mengi, na kila kovu ni mahali palipokuwa na chipukizi lililoungua au kukatwa. Vile vijiti vya juu ni vya mwaka huu, kweli. Lakini mzizi ule unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mwenye shamba.

Ukiisha kuona, rudisha udongo. Usiuache mzizi uchi.

Miti mingi ya miombo ina tabia hiyo. Ukiukata mti, kisiki hakifi. Huchipua. Ukiunguza machipukizi, huchipua tena. Mbura nao, ule wenye matunda ya njano yanayonukia, ukijeruhiwa mzizi hutoa machipukizi mbali na shina. Unaweza kuona vichaka kumi vya mbura ukadhani ni miti kumi, kumbe ni mti mmoja.

Mninga una tabia ya ajabu zaidi. Mninga mchanga hunyauka juu kila kiangazi. Mtu huona kijiti kimekauka, akasema umekufa. Haujafa. Unaweka chakula katika mzizi. Masika huchipua, kiangazi hunyauka, na hufanya hivyo miaka mingi. Siku mzizi ukipata nguvu ya kutosha, shina hupanda juu bila kurudi tena. Watu wangapi wameung'oa mninga mwaka mmoja kabla haujapanda!

Tena iko miti ambayo haipandi juu hata ukiilinda. Mbura una ndugu yake mfupi, anayeonekana Zambia na nchi za kusini. Huyo shina lake na matawi yake hukaa chini ya udongo, na juu hutoa majani na matunda tu, kimo cha kiatu. Mwaka 1976 mtaalamu wa mimea, Frank White, aliandika habari za mimea ya namna hiyo akaiita misitu ya Afrika iliyo chini ya ardhi. Mtu anaweza kutembea juu ya msitu bila kujua.

Nani anayeifupisha?

Mbuzi wanaifupisha. Hukata ncha laini kila siku. Panga linaifupisha. Kijana akitaka fito hukata hapo hapo alipokata mwaka jana. Lakini mkata miti mkubwa wa Ufipa ni moto, na hasa moto wa Septemba na Oktoba.

Tazama vizuri wakati huo. Miti ya miombo haingoji mvua. Huanza kutoa majani mapya mvua haijanyesha, majani mekundu mazuri, mti ukitumia akiba iliyo katika mzizi. Wakati huo huo nyasi zimekauka kabisa. Moto ukipita, unakuta majani machanga na unayaunguza yote. Mti umepoteza akiba yake na haujapata kitu. Huchipua tena kwa shida. Mwaka unaofuata moto unarudi.

Jambo hili limejaribiwa. Nchini Zambia, jirani zetu, karibu na mji wa Ndola, wataalamu waligawa pori la miombo katika viwanja. Majaribio yalianza miaka ya 1930. Viwanja vingine havikuchomwa kabisa. Vingine vilichomwa mapema kila mwaka, nyasi zikiwa bado zina ubichi. Vingine vilichomwa kwa kuchelewa, nyasi zikiwa kavu. Baada ya miaka mingi, kiwanja ambacho hakikuchomwa kilikuwa msitu uliofunga. Kilichochomwa mapema kilibaki pori la miti. Kilichochomwa kwa kuchelewa kilikuwa nyasi, na miti michache tu imesimama ndani yake.

Udongo ulikuwa ule ule, na mvua ile ile. Basi usiseme ardhi inakataa.

Je, tuwalaumu wazee wa Ufipa? Mimi sikubali. Wafipa wamelima katika nyasi tangu zamani, na walijua kuzitumia. Walifukia nyasi katika vilima vya udongo, vile vinavyoitwa ntumba. Nyasi zikaoza, zikawa mbolea. Walipanda maharage juu ya kilima, kisha wakakitawanya wakapanda ulezi. Hicho ni kilimo cha akili. Jirani zao wa Zambia, Wabemba, walikata matawi na kuyachoma ili kupata majivu ya kulimia. Wafipa walipata mbolea katika nyasi.

Ila wazee hao walikuwa pia wahunzi. Walijenga matanuru marefu ya udongo, yanayoitwa malungu, kupita kimo cha mtu. Walijaza mawe ya chuma na makaa, na upepo ukaingia wenyewe kwa matundu ya chini. Majembe yalitoka humo. Kazi hiyo iliachwa katika karne ya 20, lakini baadhi ya malungu bado yamesimama, na mahindi yamepandwa kuyazunguka. Makaa yale yalitoka katika miti migumu. Mti mmoja haukutosha kwa lungu moja.

Na kama unataka kujua watu wa sehemu hizi wameanza lini kukata miti kwa kusudi, shuka mpaka maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mara moja. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia, wameona magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine. Umri wake ni kiasi cha miaka 476,000. Maji na matope yaliyahifadhi. Hakuna kazi ya kuunga magogo iliyo ya zamani kuliko hiyo ambayo imepata kuonekana duniani.

Wanaofupisha kwa kusudi

Sasa nikupe habari ya mbali. Nchini Japani kuna watu ambao kazi yao ni kufupisha miti. Mti wa namna hiyo huitwa bonsai, maana yake mti uliopandwa katika sahani. Ufundi huo ulitoka China zamani sana, kisha Wajapani wakaufanya wao. Mji wa Saitama una mtaa mzima wa mafundi hao. Walihamia hapo mwaka 1925, baada ya tetemeko la ardhi lililobomoa Tokyo mwaka 1923.

Huchukua msonobari, au mti mwingine wa kawaida wa porini. Hakuna mbegu maalumu. Mbegu hiyo hiyo ukiipanda shambani itakuwa mti mrefu. Wao huupanda katika chombo kifupi kama karai. Hukata ncha za matawi kila zinapotoka. Kila baada ya miaka michache huutoa mti, hupunguza mizizi, huurudisha na udongo mpya. Wakitaka tawi lipinde, hulizungushia waya laini na kulikunja polepole. Huondoa waya kabla haujaingia katika ganda. Mwishoni mti una kimo cha mkono, lakini shina lake ni nene, lina magamba na makovu kama mti mkuu wa mlimani.

Jambo moja nakuomba ulishike. Mti huo haunyimwi chakula. Hupewa maji kila siku ukiyahitaji, na mbolea kidogo. Ukinyimwa hufa. Unafupishwa kwa kukatwa, si kwa njaa.

Uko msonobari mmoja ulioanza kutunzwa hivyo mwaka 1625. Ulikuwa mali ya ukoo wa Yamaki, katika mji wa Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945 Wamarekani waliangusha bomu la atomiki juu ya mji huo. Nyumba ya Yamaki ilikuwa kiasi cha kilomita 3 kutoka hapo. Madirisha yalivunjika, lakini ukuta uliukinga mti, nao ukapona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa watu wa Marekani. Hakuwaambia kwamba ulipitia bomu. Walijua mwaka 2001, wajukuu wake walipokwenda kuutazama. Upo Washington mpaka leo. Una kiasi cha miaka 400.

Wajapani hufanya kwa makini kile ambacho sisi tunafanya bila kukusudia. Wao hukata ncha kwa mkasi. Sisi tunamwachia mbuzi. Wao hupunguza matawi. Sisi tunaleta moto. Uwanda wote wa Ufipa umejaa miti ya namna hiyo, mizizi mizee yenye vichwa vya watoto. Tofauti ni kwamba mti wa Mjapani una mwenyewe.

Kisiki kina mali

Njiani kwenda Matai nilimkuta bibi mmoja amepumzisha mzigo wa kuni. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, nimetoka alfajiri. Zamani kuni hizi nilizipata nyuma ya nyumba." Nilitazama mzigo wake. Vilikuwa vijiti, unene wa kidole gumba. Vijiti hivyo haviivishi maharage. Lazima akae motoni akichochea mpaka jioni. Na vijiti hivyo, ndugu msomaji, ni machipukizi ya visiki. Kama yangeachwa miaka michache, kila kimoja kingekuwa gogo.

Kupanda miche ni vizuri. Lakini mche unataka kitalu, maji na ulinzi, na mwingi hufa kiangazi cha kwanza. Kisiki kina mzizi tayari. Kinachotakiwa ni kuchagua na kulinda. Mkoani Dodoma wakulima wengi wanafanya kazi hii, wanaiita Kisiki Hai, na nchi kavu kama ile imepata miti. Sisi tuna mvua nyingi kuliko wao.

Fanya hivi. Baada ya kuvuna, pita mpakani mwa shamba na kwenye miteremko. Usianzie katikati ya shamba ambako plau ya ng'ombe inapita, maana utagombana na kisiki kila msimu, na mwisho utakichoma. Tafuta kisiki chenye machipukizi mengi. Chagua mawili au matatu, manene na yaliyonyooka. Ni afadhali yawe yametoka chini, karibu na udongo, kwa sababu yaliyotoka juu ya kisiki huvunjwa na upepo, na upepo wa Ufipa unaujua.

Mengine yote yakate kwa panga kali. Usiyavunje kwa mkono, utachana ganda. Kata mshazari ili maji yasitulie kwenye jeraha. Katika yale uliyoyaacha, ondoa vitawi vya chini mpaka nusu ya kimo. Usizidishe hapo. Chipukizi lililobakizwa majani ya kichwani tu hupinda na kuanguka. Vijiti ulivyokata vilaze kuzunguka kisiki, vikinge udongo na mbuzi. Funga kitambaa kwenye chipukizi, ili kijana wa jirani anayetafuta fito ajue kwamba kina mwenyewe.

Baada ya miezi michache rudi. Utakuta machipukizi mapya. Yaondoe. Hapo ndipo wengi hushindwa. Hukata mara moja, wakasahau, na kisiki kinarudia kuwa kichaka.

Kuhusu moto, hapa mkulima mmoja hawezi peke yake. Lima mkanda usio na nyasi, upana wa hatua tatu au nne, kuzunguka sehemu yenye visiki. Kama lazima pori lichomwe, lichomwe Mei au Juni, asubuhi, nyasi zikiwa na ubichi, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji, na majirani wakiwepo. Moto wa wakati huo hupita chini na haupandi. Moto wa Oktoba usiukubali hata kidogo, hata kama sababu yake ni panya au majani mapya ya ng'ombe. Jambo hili liletwe katika mkutano wa kijiji kabla ya kiangazi. Likiletwa moshi ukiwa umekwisha panda, halisaidii.

Na msitu wa hifadhi, kama Mbizi, si mahali pa kujaribia panga. Fanya kazi hii katika ardhi yako au ya kijiji.

Mti wa kopo

Walimu wa shule za msingi huniuliza kama watoto wanaweza kutengeneza mti wa sahani kama wa Wajapani. Wanaweza. Tena ni njia nzuri ya kujifunza kupogoa bila kuharibu mti wa mtu.

Anzeni na mkuyu, maana kipande chake huota kwa urahisi. Kateni tawi unene wa kidole gumba, urefu wa shubiri moja na nusu. Ngojeni utomvu mweupe ukauke, na msiuguse kisha mkashika macho. Chukueni karai bovu au kopo pana lililokatwa kimo cha kiganja. Litobolewe matundu chini. Changanyeni udongo wa bustani na mchanga, sawa kwa sawa. Pandeni Novemba, mvua zikianza. Kopo likae nje, penye kivuli chepesi. Mti si kiti, usiwekwe ndani ya nyumba.

Mwaka wa kwanza acheni tu unenepe. Mwaka wa pili, kila tawi likifika majani sita, kateni mbakize mawili. Majani yanayofuata huwa madogo zaidi. Tawi mnalotaka lipinde, lifungieni kamba kwenye ukingo wa kopo, na kila juma mkaze kidogo. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili, mvua zikianza, utoeni mti, mkate theluthi moja ya mizizi, muurudishe na udongo mpya.

Wakizoea mkuyu, wanaweza kujaribu mkusu. Huo ni mgumu. Mizizi ya mkusu na ya miombo huishi pamoja na kuvu walio udongoni, ambao huipatia chakula. Baadhi ya uyoga mnaookota porini masika ni matunda ya kuvu hao hao. Kwa hiyo chukueni kikombe cha udongo kutoka chini ya mkusu mkubwa, mkichanganye katika kopo. Bila udongo huo mche hudumaa na kuwa njano, na maji mengi hayatausaidia.

Mtoto aandike kwa rangi kwenye kopo lake jina la mti, mwezi na mwaka wa kupanda. Kila unapokatwa mizizi, aongeze mwaka huo chini yake.